Popo wa Afrika Mashariki: anza na uso na mkia, rangi achana nayo

#1 Kigasha

Wakuu, picha za popo zinazoletwa humu nyingi huja na maelezo ya namna moja: "mweusi, mdogo, yuko darini." Kwa maelezo hayo hakuna wa kukusaidia. Rangi ni shahidi wa uongo. Pango moja la pwani linaweza kuwa na Hipposideros caffer wa kijivu na mwenzake wa rangi ya chungwa lililoiva, wananing'inia bega kwa bega na ni spishi moja. Ukubwa nao unadanganya, maana mtoto wa popo akianza kuruka anakuwa karibu sawa na mama yake.

Duniani kuna spishi zaidi ya 1,400 za popo. Ukihesabu mamalia wote, kila spishi 5, moja hivi ni popo. Lakini kumfikisha popo wa kwetu kwenye familia yake hakuhitaji maabara. Unahitaji tochi, macho, na kufuata mpangilio bila kuruka hatua.

Mtazame usoni kwanza. Uso wa mbwa, macho makubwa, pua tupu isiyo na jani, ukingo wa sikio umefungamana mpaka chini kama mdomo wa kikombe, na kuna ukucha kwenye kidole cha pili mbali na ule wa gumba: huyo ni Pteropodidae, popo wa matunda. Umemaliza.

Pua ikiwa na minofu iliyokunjamana, angalia imekaaje. Chini kuna umbo la kiatu cha farasi na juu inaishia na ncha kama ya mkuki: Rhinolophidae. Kiatu cha farasi kipo lakini juu ni ukuta wa mviringo, mkuki hakuna: Hipposideridae. Ukuta huo ukisimama na ncha tatu kama uma: Rhinonycteridae, ambao kwetu ni Triaenops na Cloeotis. Hawa wote hawana tragasi, kile kijinyama kinachosimama mbele ya tundu la sikio (weka kidole kwenye sikio lako, utakigusa).

Jani moja kubwa lililosimama, masikio makubwa yaliyoungana juu ya kichwa, tragasi yenye ncha mbili, na mkia haupo: Megadermatidae. Kwetu wako wawili tu na hawachanganyiki. Cardioderma cor ana jani lenye umbo la moyo na manyoya ya kijivu, hulala ndani ya mibuyu yenye uwazi. Lavia frons ana mabawa ya njano inayoelekea chungwa na hulala wawili wawili juu ya migunga, mchana kweupe.

Uso uliopasuliwa na mfereji mrefu kuanzia puani hadi katikati ya macho ni wa Nycteridae. Mthibitishe kwa mkia: pingili ya mwisho imegawanyika kama herufi T. Ukiiona hiyo T huna haja ya kuuliza mtu.

Pua ikiwa tupu na si popo wa matunda, hapo ndipo mkia unapoamua:

– Mkia umetoboa utando na kutokeza juu, ncha iko mgongoni mwa utando: Emballonuridae.
– Karibu nusu ya mkia imechomoza nje ya utando, nene kama ya panya, na midomo imekunjamana: Molossidae.
– Mkia wote umezama ndani ya utando: ama Miniopteridae ama Vespertilionidae. Kunjua bawa utazame kidole cha tatu. Pingili ya pili ikiwa ndefu mara tatu hivi ya pingili ya kwanza, ni Miniopterus. Isipokuwa hivyo, ni Vespertilionidae.

Popobawa hayumo kwenye ufunguo huu, msiniulize.

#2 Turkana Magharibi

Mkuu umemsahau mmoja. Rhinopomatidae. Mkia mrefu mwembamba kabisa, karibu sawa na urefu wa mwili, na utando wa mkia ni ukanda mfupi tu. Kwenye ufunguo wako mtu atampeleka Molossidae kwa sababu "mkia umechomoza". Tofauti ni unene na urefu: wa Molossidae ni nene na nusu yake iko ndani, wa Rhinopoma ni uzi. Pia puani ana kijinyama kidogo kama kifungo.

Rhinopoma macinnesi alielezwa mara ya kwanza kutokana na vielelezo vya kisiwa cha Central ndani ya Ziwa Turkana. Ni popo wa ukame. Walioko Oman wanaye ndugu yake Rhinopoma muscatellum, jina limetoka Muscat.

#3 Kigasha

Sahihi kabisa, nimekosea kumwacha. Tuwe na familia 11 basi kwa Afrika Mashariki: Pteropodidae, Rhinolophidae, Hipposideridae, Rhinonycteridae, Megadermatidae, Rhinopomatidae, Nycteridae, Emballonuridae, Molossidae, Miniopteridae, Vespertilionidae.

#4 Mwl Baiolojia

Naomba ufafanuzi. Vitabu vya shule vinagawa popo mafungu mawili: Megachiroptera ambao ni wakubwa na wanakula matunda, na Microchiroptera ambao ni wadogo na wanakula wadudu. Mbona hujautaja mgawanyo huo? Mwanafunzi akiandika hivyo amekosea?

#5 Mkulumuzi

Mwalimu, mgawanyo huo ulipendeza kwa sababu ni rahisi kuukariri, lakini tangu matokeo ya DNA yaanze kukubaliana miaka ya 2000 umeshaachwa. Sasa oda ya Chiroptera (yaani popo wote) ina nusu-oda mbili:

Yinpterochiroptera: popo wa matunda PAMOJA na Rhinolophidae, Hipposideridae, Rhinonycteridae, Megadermatidae na Rhinopomatidae.
Yangochiroptera: waliobaki wote, yaani Nycteridae, Emballonuridae, Molossidae, Miniopteridae, Vespertilionidae, na familia nyingine, nyingi za Amerika, ambazo kwetu hazipo.

Maana yake ni hii: yule popo mdogo mwenye kiatu cha farasi puani, anayekula nondo pangoni Amboni, undugu wake na popo mkubwa wa Pemba ni wa karibu kuliko undugu wake na popo wa darini kwako. Sura zinakataa lakini vinasaba vinakubali.

Swali linalobaki kubishaniwa ni la mwangwi. Popo wa mafungu yote mawili hutoa sauti kooni na kusikiliza mwangwi wake, ila popo wa matunda hawafanyi hivyo. Basi ama uwezo huo ulizuka mara mbili, ama babu wa popo wote alikuwa nao halafu ukoo wa matunda ukaupoteza. Kila upande una hoja zake za mifupa ya sikio na jeni za usikivu.

Na hata "mega" na "mikro" kama vipimo haviko sawa. Macronycteris vittata wa mapango ya pwani anakula wadudu, na kigasha chake (mkono kuanzia kiwiko hadi kifundo) kinakaribia au kupita milimita 100. Micropteropus pusillus anakula matunda na kigasha chake ni milimita 50 na kitu tu. Mdogo ndiye "mega".

Kwa mwanafunzi: aandike ule mpya, na autaje wa zamani kama historia. Linnaeus mwaka 1758 aliwaweka popo kwenye Primates pamoja na binadamu na nyani, na hatumfuati tena. Leo inajulikana popo wako kwenye tawi moja na farasi, mbwa, nyangumi na kakakuona, mbali na sisi na mbali vilevile na panya.

#6 Mwl Baiolojia

Nimeelewa. Sasa popo wa matunda peke yao, mtu anawatofautishaje bila kuwaua?

#7 Mwana wa Wete

Hapo niachieni. Kwa popo wa matunda uliza mambo manne: yuko wapi, ana mkia, ana nini sikioni, na mdomoni mna nini.

Pteropus hana mkia kabisa, na hayupo popote bara la Afrika. Yuko visiwani. Pemba ni Pteropus voeltzkowi, haishi kwingine duniani, mabawa yakikunjuliwa yanafika mita 1.6 na uzito ni nusu kilo hivi. Mafia yuko Pteropus wa jamii ya Komoro. Komoro yenyewe inaye pia Pteropus livingstonii, mweusi, wa misitu ya Anjouan na Mohéli. Kwa hiyo mtu akikwambia ameona "popo wa Pemba" Bagamoyo au Dar, ameona Eidolon.

Eidolon helvum ni yule wa makundi makubwa juu ya miti ya mjini. Kampala wana bonde zima lililopewa jina lake. Ana mkia mfupi, shingo ya njano hasa dume, bawa jembamba lenye ncha, uzito gramu 250 hadi 300 na zaidi. Bawa jembamba ni la msafiri: hawa ndio wanaojazana Kasanka, Zambia, kati ya Oktoba na Desemba kwa mamilioni, kisha wanatawanyika.

Rousettus aegyptiacus ana mkia mfupi pia, kahawia ya kawaida isiyo na kola ya kung'aa, uzito nusu ya Eidolon. Tofauti kubwa ni makazi. Huyu hulala pangoni kwenye giza totoro, kwa sababu anapiga ulimi na kusikiliza mwangwi wa mlio huo. Eidolon hana ufundi huo, kwa hiyo hulala mtini. Ukikuta kundi la popo wa matunda ndani kabisa pangoni, anza na Rousettus.

Epomophorus mkia wake hata ukiutafuta huupati vizuri, na chini ya sikio ana vishungi vyeupe, mbele na nyuma. Dume ana mifuko mabegani yenye manyoya meupe, anaitoa nje usiku akiwa anaita majike. Ule mlio wa "ngo, ngo, ngo" kwenye miembe usiku ni yeye, watu wanadhani ni chura. Kumfikisha kwenye spishi lazima umfungue mdomo, utazame matuta ya kaakaa. Hesabu matuta yaliyo nyuma ya jino la mwisho. E. wahlbergi ana moja, nene. Wengi wa wenzake wana mawili. Fungua kinywa kwa kijiti laini kama cha kutolea nta, si kwa kalamu ya chuma, na piga picha moja kwa moja kutoka mbele, tuta la mwisho lionekane. Picha ya upande haina faida.

Wa Congo na magharibi mwa Uganda wana Hypsignathus monstrosus. Dume ana kichwa kama cha nyundo na midomo iliyovimba, jike ana sura ya kawaida. Hapo jinsia zimetofautiana mpaka mtu anaweza kuziandika spishi mbili.

#8 Ngezi

Nyongeza kwa wa Pemba. Katika kuwahesabu popo hao, watu hukosea kwa kuhesabu mchana walio mtini, kwa sababu majani yanaficha nusu. Kidike (hifadhi yao huko Pemba) wanahesabiwa wakati wa kutoka, kuanzia jua linapozama, watu wawili au watatu wakigawana pande, kila mmoja anahesabu wanaovuka mstari wake kwa makumi. Hesabu za miaka ya 1990 mwanzoni zilionyesha wamebaki wachache mno kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa miti. Baada ya vijiji kuunda vikundi vya kulinda miti wanayolala, hesabu zilizofuata zilipita 20,000. Kila jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, kwa hiyo idadi hiyo haikupanda kwa miujiza, walizuiwa tu kuuawa.

#9 Kigasha

Turudi mkononi. Mtu mwenye kibali cha utafiti wa wanyamapori (Tanzania pitia COSTECH na TAWIRI, Kenya NACOSTI na KWS) akimshika popo, kipimo cha kwanza ni kigasha, na ndicho kinachoharibiwa zaidi.

Kunja bawa kama popo anavyolikunja akiwa amelala, kiwiko na kifundo vyote vimepinda. Weka taya moja ya vernia nje ya kiwiko, nyingine nje ya kifundo. Soma hadi desimali moja ya milimita. Bawa likiwa limenyooshwa nusu, kifundo kinateleza na unapata milimita 1 au 2 za ziada. Kwa popo mwenye kigasha cha milimita 36 hizo zinatosha kumhamisha spishi. Kosa la pili ni kuingiza mzizi wa kidole gumba ndani ya kipimo. Pima mara mbili, ukipishana zaidi ya milimita 0.3 pima mara ya tatu. Pima mkono wa kulia daima, ili data zako zilingane.

Uzito: popo na mfuko, toa mfuko. Ila mfuko unakojolewa. Pima mfuko mtupu upya kila baada ya popo, usitumie uzito uliouandika saa moja iliyopita. Kwa popo wa gramu 5, matone machache ya mkojo ni asilimia 10.

Umri: nyoosha bawa, weka taa ya kichwa nyuma yake, tazama viungo vya vidole. Mtoto anaonyesha ukanda wa mwanga kwenye kiungo kwa sababu gegedu haijawa mfupa, na kiungo kimepungua unene polepole. Kwa mzima kiungo ni fundo gumu la mviringo na mwanga haupiti. Usimpime mtoto halafu ukatangaza umepata spishi mpya ndogo.

Jinsia ni rahisi, isipokuwa mtego mmoja: majike ya Rhinolophidae na Hipposideridae yana chuchu za uongo karibu na kinena, mbali na zile za kweli kifuani. Hazitoi maziwa, mtoto hung'ata hapo ajishikize mama akiruka. Ukiziona zimerefuka ujue huyo amewahi kuzaa. Wageni wengi wanazidhania kupe, wanajaribu kuzing'oa.

#10 Darini

Samahani wataalamu. Aliye darini kwenye bati na vigae, harufu kali, anatoka wakati wa magharibi kwenye ufa mdogo, mkia umechomoza. Ni yupi, na anatolewaje?

#11 Mkulumuzi

Kwa mkia huo ni Molossidae. Katika nyumba zetu mara nyingi ni Mops pumilus, vitabu vya zamani vinamwita Chaerephon pumilus au Tadarida pumila: kigasha milimita 36 hadi 40 hivi, dume ana kishungi cha nywele kati ya masikio. Akiwa mkubwa zaidi, kigasha 45 na kuendelea na tumbo jeupe, fikiria Mops condylurus. Mara nyingi wanachangia dari moja.

Kumtoa: usipige dawa. Popo aliyepuliziwa huanguka chini, watoto wanamwokota kwa mkono, na hapo umetengeneza tatizo kubwa kuliko harufu. Kaa nje siku mbili magharibi uone anatoka wapi. Ziba nyufa nyingine zote, hata ya sentimita 1, acha ile kuu. Hapo tundika wavu wa plastiki wa matundu madogo, umefungwa juu na pembeni, chini uko wazi na unashuka nusu mita chini ya ufa. Akitoka anateremka chini ya wavu, akirudi anatua palepale kwenye ufa na hapati njia. Acha usiku 5 hadi 7, ndipo uzibe kwa saruji.

Kitu kinachoharibu kazi ni watoto. Ukiweka wavu wakati kuna watoto wasioruka, watafia ndani na harufu itakuwa mara kumi. Na M. pumilus huweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, hana msimu mmoja wa kukariri. Panda dari na tochi mchana kwanza, ukiona vichanga vya waridi visivyo na manyoya, subiri wiki sita hivi. Vaa barakoa, kinyesi kikavu kina ukungu unaodhuru mapafu. Kimwagie maji kabla ya kufagia.

#12 Masafa

Mnazungumzia sura tu, mnasahau sauti. Kwa Rhinolophidae na Hipposideridae sauti ni kitambulisho bora kuliko rangi na wakati mwingine kuliko kigasha, kwa sababu kila spishi inaita kwa masafa yake karibu yasiyobadilika. Rhinolophus hildebrandtii, mkubwa, anaita chini ya kilohezi 50. Macronycteris vittata kilohezi 60 na kitu. Hipposideros caffer anafika karibu 140. Cloeotis percivali, kadogo kale ka ncha tatu ambacho vielelezo vyake vya kwanza vilitoka Takaungu, anapita kilohezi 200.

Mnaonunua vinasa sauti someni hapa kabla ya kutoa hela. Kinasa kinachochukua sampuli 256,000 kwa sekunde husikia nusu yake tu, yaani mpaka kilohezi 128. Ukikitundika mbele ya pango lenye maelfu ya H. caffer, asubuhi utaandika "hakuna". Cha 384,000 kinafika 192, caffer utampata, Cloeotis hutampata. Ukitaka wote chukua cha 500,000. Orodha nyingi za mapango zina pengo la Cloeotis, na mimi siamini pengo hilo mpaka nione ni kinasa gani kilitumika.

Pili, usilinganishe masafa ya popo anayeruka na ya popo aliyetulia. Akiruka kuelekea kitu, mwangwi unamrudia ukiwa juu zaidi kwa sababu ya mwendo wake, basi anashusha sauti yake ili mwangwi ubaki pale sikio lake linaposikia vizuri. Kipimo cha kulinganisha ni cha popo aliye mkononi au aliyening'inia ametulia. Chukua miito 10, tumia wastani wa sehemu tambarare, siyo mkia wa mwito unaoshuka.

Kutenganisha familia hizo kwenye grafu: Rhinolophus ana mstari tambarare mrefu, milisekunde 30 na zaidi. Hipposideros mstari mfupi, chini ya 10 kwa kawaida, halafu unashuka ghafla.

#13 Mwl Baiolojia

Na Nycteris je?

#14 Masafa

Nycteris ananong'ona. Mita tatu humsikii kwa kinasa. Huwinda kwa kusikiliza hatua za mdudu kwenye majani. Huyo mtafute kwa wavu, na umtambue kwa umbo la tragasi na kwa meno ya mbele ya juu, kama yana vidole viwili au vitatu.

#15 Kwale Pango

Majina jamani. Kwa mapango ya Shimoni na Fikirini, ripoti moja imeandika Hipposideros commersoni, nyingine H. vittatus, nyingine Macronycteris vittata. Ni popo watatu au mmoja?

#16 Mkulumuzi

Mmoja. Na hapa ndipo penye utamu wa uainishaji, kwa hiyo nitaeleza taratibu.

Jina la spishi limefungwa kwenye kielelezo kimoja kilichowekwa makumbusho, na kielelezo kina mahali kilipotoka. Watu wakigundua kwamba popo wa sehemu mbili ni spishi mbili, jina la zamani linabaki na wa mahali pale, na wa upande wa pili anatafutiwa jina jingine. Jina commersoni kielelezo chake ni cha Madagaska. Ilipoonekana wa bara si yule wa Madagaska, wa bara wakachukua vittatus. Mwaka 2017 wakubwa hawa wote wakatolewa kwenye Hipposideros wakarudishiwa jenasi Macronycteris, na kwa kuwa jenasi hiyo kisarufi ni ya kike, vittatus ikawa vittata. Popo mwenyewe hajasogea hata hatua moja.

Triaenops ni hivyo hivyo. T. persicus kielelezo chake ni cha Shiraz, Iran. Miaka mingi popo wa ncha tatu wa Mombasa na Tanga waliitwa persicus. Mwaka 2009 walitenganishwa: wa Afrika ni T. afer, jina ambalo lilikuwepo tangu karne ya 19 kwa popo wa Mombasa likawa limelala. Persicus halisi amebaki Iran na Uarabuni, Oman akiwemo. Ripoti yoyote ya pwani yetu yenye "persicus" isome "afer".

Mfano wa tatu unaumiza zaidi. Otomops martiensseni, yule mwenye masikio makubwa kama kofia iliyoinamia puani, alipewa jina mwaka 1897 kwa kielelezo cha shamba la Magrotto, Tanga. Kundi mashuhuri lipo mapango ya lava ya Mlima Suswa, Kenya. Mwaka 2015 popo wa kaskazini mashariki walitenganishwa wakaitwa Otomops harrisoni, na wa Suswa wakaangukia huko. Kwa hiyo maelezo mengi ya kitabuni ya "martiensseni" yaliandikwa kwa kumtazama harrisoni.

Ndiyo maana kwenye lebo usiandike jina peke yake. Andika mahali kwa GPS, tarehe, kigasha, uzito, jinsia, umri, na masafa kama unayo. Jina litabadilika, hivyo vingine havibadiliki. Hata hapa nyumbani kuna cha kujivunia: Rhinolophus maendeleo, alielezwa mwaka 2000 kutoka eneo la Amboni, Tanga, na neno hilo ni la Kiswahili kama mnavyolisoma.

#17 Kwale Pango

Nimekupata. Na yule wa nje ya mdomo wa pango, ukutani, tumbo jeupe?

#18 Kigasha

Taphozous mauritianus. Anakaa nje kwenye mwanga, ukutani au kwenye shina la mnazi, kichwa chini, tumbo limegusa ukuta. Ukimkaribia haruki kwanza, anakwenda pembeni mbio kama kaa akizunguka shina. Akiwa ndani ya pango na tumbo si jeupe, angalia T. hildegardeae, ambaye kielelezo chake kilitoka Rabai, au Coleura afra ambaye ni mdogo zaidi. Wote mkia umetoboa utando.

#19 Darini

Na ukiumwa?

#20 Mwana wa Wete

Osha jeraha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa saa, si kwa kukadiria. Halafu hospitali siku hiyohiyo ukaeleze umeumwa na popo, ili wakuanzishie chanjo ya kichaa cha mbwa. Meno ya popo mdogo hayaachi alama kubwa, kwa hiyo usisubiri uone damu. Anayewashika kila wiki anatakiwa awe amechanjwa kabla.

Msijiaminishe kupita kiasi kwa chanjo. Virusi wa ukoo huo ni wengi. Mwaka 2009 alipatikana wa Shimoni, kwa popo yule yule Macronycteris wa Kwale, na mwaka huo huo wa Ikoma kwa fungo huko Serengeti. Hao wako mbali na kichaa cha mbwa cha kawaida kiasi kwamba chanjo haitegemewi kuwazuia. Glovu za ngozi kwa wakubwa, glovu nyembamba mbili kwa wadogo, na mtu asiingie pango la Rousettus bila barakoa na mavazi kamili: ndiyo spishi iliyothibitishwa kubeba virusi vya Marburg, baada ya wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, Uganda, kuugua mwaka 2007.

#21 Masafa

Na wavu. Usiutege mdomoni mwa pango. Kundi la elfu mbili likitoka kwa dakika ishirini litaujaza, na huwezi kuwatoa kwa wakati, watakufa. Hapo tumia mtego wa nyuzi: fremu mbili zenye nyuzi za plastiki zilizosimama wima, mfuko wa turubai chini, popo anagonga anateleza ndani. Wavu ni wa njia ya msituni na juu ya maji, mita 6 au 12, matundu ya milimita 36 hivi, unafunguliwa jua likizama na unakaguliwa kila dakika 10. Mbalamwezi ikiwaka huambulii kitu.

Kila popo mfuko wake. Cardioderma ukimweka na mdogo utakuta mmoja. Na Molossidae msiwarushe hewani wala kuwaweka chini, mabawa yao ni membamba. Wabandikeni kwenye shina mita mbili juu, wapande wenyewe, wajiachie.

#22 Mwl Baiolojia

La mwisho: kwenye jani changa la mgomba lililojikunja, kuna vipopo viwili vya gramu 3 hivi. Ufunguo unanipeleka Vespertilionidae, nikwame hapo?

#23 Kigasha

Tazama gumba. Kukiwa na kidoa kinene cha ngozi kama mto chini yake, na nyayo pia, ni popo wa migomba. Kitabu chako kikiwa cha zamani sana mtafute kwa Pipistrellus nanus, kikiwa cha miaka ya katikati Neoromicia nana, cha karibuni Afronycteris nana. Jani likifunguka anahama, siku chache tu, kwa hiyo piga picha ya gumba leo.